Hodi ya Kilimani

Mjukuu wangu Kabula anafanya kazi Mwanza, na kazi yake ni kuziuliza mashine zilizo mbali kama bado ziko hai. Anakaa kwenye kiti kinachozunguka, kikombe cha chai pembeni, na kompyuta yake inaziuliza moja moja, yenyewe, yeye hata hagusi kitu. Isiyojibu inazimwa kwa mtandao, inawashwa, inaulizwa tena. Aliponieleza hayo nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia, wewe mtoto, kazi hiyo nimeifanya mimi, tena kwa mdomo. Akadhani namtania. Ndiyo maana leo naandika, yeye na wenzake wameniomba. Mkono wangu ni wa darasa la nne, mnivumilie.

Kuna mahali mtacheka. Lakini sikuketi hapa kwa ajili ya kuchekesha. Nimeketi kwa ajili ya mzee Luhende, aliyetuita akiwa anakufa, na sisi tukamwona akiita, tukafurahi, tukaagiza soda. Nikiwaficha hilo nitakuwa nimewafundisha nusu ya kazi.

Ilikuwa miaka ya tisini, ile ya mwishoni. Watu wanamiminika Geita kwenye dhahabu, kila mwenye ufundi kidogo anaaga. Sisi tulibaki Shinyanga na mradi wetu wa maji. Tulikuwa na vituo vya kupimia mvua na maji ya malambo, kimoja Ushetu, kimoja Chato, na kimoja juu ya kilima nyuma ya Segese, hicho tulikiita Kilimani tu. Kila kituo kijumba cha bati, betri la gari, paneli ya jua juu ya mlingoti, redio, na sanduku la chuma lenye kadi ya kompyuta ndani yake, ndogo kama kisahani. Kadi hiyo ilikuwa inaendeshwa na Linux. Deo, injinia wetu, kijana wa watu, alinieleza kwamba kadi ikiamka Linux ndiyo inayoigawia kazi, kama mama anavyowagawia watoto asubuhi: wewe maji, wewe kuni, wewe mbuzi. Nikaelewa pale pale.

Mimi niliajiriwa kufagia na kupika chai. Mpiga redio wetu, Ndaki, alipokimbilia dhahabu, redio ikakosa mwenyewe. Fundi Sudi akajaribu kuviita vituo, Nyanzobe wa Ushetu hajibu. Nyanzobe, mlinzi wa kituo kile, alikuwa mkulima wa tumbaku, mwoga wa sauti za wanaume asiowajua. Nikaweka chini trei ya chai, nikashika kile cha kuongelea, nikamwamkia mama yule kwa Kisukuma chetu, "Nyanzobe, mwangaluka mayu!" Akajibu kama alikuwa amekaa mlangoni akinisubiri. Sudi akanitazama. "Mama Shija," akasema, "kuanzia leo ufagio utafute mtu mwingine." Mtu mwingine hakupatikana, nikafanya vyote viwili.

Sudi ndiye aliyenifundisha. Mzaramo huyo, mfupi, maneno mengi kama mvua ya vuli ya kwao. Alinifundisha kwamba mtu akibonyeza kuongea na sauti ikazama mwishoni mwa neno, betri lake limeisha maji. Kwamba mlio kama wa kukaanga karanga ni mvua iliyo mbali, na mlio kama wa kupasua kanga ni radi iliyo karibu, weka chini redio ukimbie. Na kwamba ukimwuliza mtu wa kituo "Kadi nzima?" atakwambia nzima, hata kama inatoa moshi, kwa kuwa hataki kukukasirisha asubuhi. Mwulize anaona nini.

Basi ndivyo tulivyopima. Deo anakaa pembeni yangu, ananiambia cha kuuliza, mimi nauliza, namalizia na "Ova" ili wa upande wa pili ajue ni zamu yake.

"Nyanzobe, taa ya kijani inafanya nini? Ova."

"Inakonyeza, mayu."

"Inakonyeza polepole au haraka? Ova."

"Kama mwanamume wa mnadani."

Namgeukia Deo, "Haraka." Deo anaandika.

Mabula wa Chato yeye alituulia kadi. Aligusa sanduku akalikuta la moto, akasema lina homa, akalifunika na kanga ya mkewe iliyoloweshwa maji ya ziwani. Kulipokucha kadi imekata roho. Sudi alikwenda Chato kwa basi, kadi mpya ameipakata kama mtoto mchanga, abiria wanamwuliza mama yake yuko wapi. Lakini Mabula alikosea kwa huruma. Makosa ya namna hiyo siyachukii mpaka leo.

Maji ya betri tulikuwa tunanunua kwa Bi Shirin, mama wa Kihindi mwenye duka la spea za magari pale mjini. Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko cha wanangu. Nikiingia dukani hanipi kitu mpaka nimtajie habari za kila kituo. "Mzee wa Kilimani anaendeleaje?" ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Hajawahi kumwona.

Mzee wa Kilimani ndiye Luhende. Mchunga ng'ombe wa zamani, mkewe alitangulia, binti yake Holo ameolewa Ushetu. Kazi yake kulinda kituo na kupanda ngazi kufuta kinyesi cha ndege kwenye paneli. Kusalimiana na Luhende haikuwa jambo la haraka.

"Kilimani, Kilimani, hapa Shinyanga. Mwangaluka, baba. Ova."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu, baba." Yaani amani tu, hakuna shida.

"Shija hajambo? Kifua kimepona? Mvua huko? Yule mbuzi aliyepotea?"

Na mimi namwuliza mguu wake, na Holo, na mjukuu, na fisi. Kadi tunaifikia mwishoni, kama mtu anayetaja shida yake ameshashika mlango. Deo alikuwa anatikisa mguu chini ya meza. Lakini niwaambie, mimi asubuhi ile nilikuwa nimeshapima. Nilijua nani kalala na homa, nani kagombana na mkewe, nani amekunywa.

Sudi akiwepo ananinyang'anya redio. Msukuma na Mzaramo ni watani, na hao wawili walikuwa hawaachani.

"Wewe Msukuma, umeamka au ng'ombe wamekulalia?"

"Nani anasema? Sisikii, nasikia nazi inaanguka tu. Ova."

"Ukifa mimi ndiye nitakayelala kwenye kaburi lako mpaka ndugu zako wanitoe na ng'ombe."

"Utatolewa na fimbo!"

Ndivyo watani wanavyosemana, ninyi mnajua. Na mnajua pia kwamba si maneno ya bure. Mtu akifa, mtani wake anakuja msibani kufanya vituko, kuwachekesha waliofiwa, na asipofanya msiba unabaki kama chakula kisicho na chumvi.

Sasa Deo. Msimchukie Deo. Alikuwa ananisalimu shikamoo kabla hajakaa, alimfundisha Shija wangu hesabu jioni bila kuombwa. Aliona tunapoteza asubuhi nzima kuuliza taa. Kadi ikilala usingizi, Sudi anapanda pikipiki kwenye matope kwenda kubonyeza kitufe kimoja. Deo akasema, hapana, mashine iziulize mashine. Akakaa na kompyuta yake wiki nyingi, macho mekundu. Akaandika maagizo, kompyuta ya ofisini ikawa inaviita vituo kwa redio, kimoja baada ya kingine, inaiagiza kadi ijipime yenyewe, ilete majibu. Kwenye kioo kila kituo kina mstari wake. Kikijibu, mstari wa kijani. Kisipojibu, mwekundu. Na Sudi akamtengenezea visanduku vya kuamshia, alivichomelea kwa mkono wake, kimoja kila kituo. Kadi ikinyamaza, kisanduku kinaikatia umeme, kinaurudisha, kadi inaamka. Hata mtu akiizima kadi kwa kitufe chake kwa bahati mbaya, kisanduku kinaiwasha.

Ilikuwa kazi nzuri. Nasema kweli. Mara ya kwanza kuona kadi ya Chato imelala na kuamka yenyewe bila Mabula kujua, nilipiga vigelegele.

Shida ikawa njia. Redio ilikuwa moja, mawimbi mamoja. Deo akanijia taratibu, mikono nyuma.

"Mama, mkiongea, mashine hazisikilizani."

"Tuongee saa ngapi basi?"

"Zinaulizana muda wote, Mama."

Sudi akatumwa kukusanya vya kuongelea kwenye vituo vyote. Kilimani yeye na Luhende walitaniana hadi mwisho. Sudi mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alifungua ile skrubu, akakunja waya, akamwambia, "Leo nimekukata ulimi, Msukuma." Luhende akamjibu, "Chukua. Mtanimiss, wenyewe mtaurudisha." Sudi akacheka njia nzima.

Deo alikuwa ameacha amri moja kwa walinzi wote: msiguse kitufe cha kadi, mkikigusa ofisini kutaonekana chekundu, watu watahangaika bure. Kumbukeni hiyo amri.

Mimi nikarudi kwenye chai na ufagio. Kila asubuhi napita nyuma ya Deo, natazama mistari. Kijani, kijani, kijani. Kilimani kipo. Nasoma jina, sisikii mtu.

Siku ile ilikuwa masika, nafuta dirisha, Deo akapiga kelele.

"Mama Shija! Fundi! Njooni muone!"

Mstari wa Kilimani ulikuwa mwekundu. Tukasimama nyuma yake. Ukawa kijani. "Umeona? Kimeamka chenyewe!" Haukukaa sana, mwekundu. Kijani. Mwekundu tena. Kijani. Kisha ukatulia.

Sudi akauliza, "Si betri hilo?"

"Betri zima, nimelipima kutoka hapa hapa. Utakuwa waya unagusagusa. Lakini fikiria, fundi, zamani saa hizi ungekuwa umeshapanda pikipiki."

"Saa hizi ningekuwa nimeshakwama topeni, nasukumwa na Wasukuma."

Wakacheka. Baada ya chai ikarudia: nyekundu, kijani, mara tatu, ikatulia. Mchana tena, vile vile, tatu, ikatulia. Deo alifurahi mpaka akasimama. Kituo kilianguka mara zote hizo na hakuna aliyetoka ofisini! Akaagiza soda. Yangu ilikuwa ya machungwa, baridi, nilikuwa na kiu. Naikumbuka ilivyokuwa tamu.

Siku ya pili kiliita asubuhi tu. Deo akasema, "Nadhani waya umetulia."

Siku ya tatu Sudi alikuwa na safari ya Kahama na gari la mradi. Nikaomba lifti nimpelekee Luhende michembe, maana viazi vyangu vilikauka vizuri mwaka ule na yeye alipenda michembe kuliko nyama. Deo akasema, "Mkifika mkautazame na huo waya. Njia ikiwa mbaya, msijisumbue." Njia ilikuwa mbaya. Tulijisumbua kwa sababu ya michembe.

Ngazi ilikuwa imelala chini ya mlingoti. Mlango wa kijumba umeegeshwa. Nikasimama kwa desturi, nikabisha, "Hodi!"

Ndani sauti ikasema, "Karibu." Ndogo, kama inatoka kwenye redio yenye betri bovu.

Alikuwa sakafuni. Alianguka alipokuwa anafuta paneli, paja limevunjika, limevimba, limegeuka rangi. Alijikokota mpaka ndani. Chini kwenye mashamba kulikuwa na watu, lakini upepo wa kilima kile hauteremshi sauti. Maji aliyokuwa nayo yalikuwa yamekwisha. Fimbo yake ya kuchungia ilikuwa mkononi, na ncha yake imeegemea kwenye sanduku la kadi, chini ya kitufe. Rangi ya sanduku pale ilikuwa imekwanguka.

Sudi alikiona kitufe, akaiona fimbo. Akakaa chini palepale kwenye udongo. Mimi nilikuwa namnywesha maji kwa kiganja.

"Mmechelewa kufungua," Luhende akaniambia. "Nimebisha hodi."

"Umebisha wapi, baba?"

"Hapo. Si walisema nikigusa kitaonekana chekundu, watu watahangaika? Nikagusa. Nikaona taa inazima, inawaka tena. Nikasema, labda hawakusikia. Nikabisha mara tatu, kama mtu mwenye adabu, nikangoja. Nikabisha tena tatu. Nikasema, Mama Shija yuko mlangoni pale, atasema karibu."

Kwetu na kwenu, hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa mgeni anajua hana mwenyeji, anarudi zake. Luhende alibisha hodi tatu, akavumilia, akabisha nyingine, siku mbili. Kila akizima, kisanduku kinawasha. Kila akisema nakufa, kisanduku kinasema kwa niaba yake: mhola duhu.

Tulimpakia kwenye gari, kichwa chake mapajani pangu. Sudi aliendesha kama anabeba mayai, halafu akaanza kukimbiza, halafu akapunguza tena kwa sababu ya mashimo, hajui lipi bora. Luhende akamwita, "Mzaramo." Sudi akaitika. "Mbona kimya? Ulimi umeukata wangu au wako?" Akajaribu kucheka. Hatukufika Kahama.

Deo tulipomwambia alikigeukia kioo. Akasema, "Mama, ilifanya kila nilichoiagiza." Hakuwa anajitetea. Alisema kama mtu anayesoma jina kwenye kaburi.

Tulimzika kwa Holo, Ushetu. Nyanzobe alipika. Bi Shirin alifunga duka akaja na kanga ameitanda, akakaa chini na wanawake, akamlilia mtu asiyewahi kumwona. Ilipofika zamu ya mtani, watu wakamgeukia Sudi. Mzaramo mzima yupo, marehemu mtani wake, kaburi liko wazi. Wazee wakaanza kumchokoza, "Haya, si ulisema utalala humo? Ingia basi!" Sudi akasogea hadi ukingoni. Akafungua mdomo. Akaufunga. Holo akamwangalia kwa kumsihi, maana hata yeye alihitaji kucheka. Sudi akageuka, akapita katikati ya watu, akaenda kusimama kwenye gari. Tukamzika Luhende bila kicheko. Sijawahi kuona kaburi zito kama lile.

Tuliporudi kazini, mistari ilikuwa ya kijani yote. Na Kilimani. Hakukuwa na mtu kule tena, nyumba imefungwa, kadi inajibu kila inapoulizwa: nipo, mzima, sina tatizo. Deo angeweza kuufuta mstari ule kwenye kioo. Hakuufuta. Na mimi napita na ufagio nikiinamisha macho.

Niwape la kazi, kabla sijamaliza. Deo alibadilisha maagizo yake baadaye, kwa vituo vilivyobaki. Kituo kikianguka na kuinuka mara tatu, kengele inalia ofisini, na mtu anakwenda, hata kama kila kitu ni kijani. Na vya kuongelea vikarudishwa, tukawa tunazinyamazisha mashine kila asubuhi ili watu wasalimiane. Kabula ananiambia mashine zenu siku hizi ni hodari, zinajiponya kwa namna nyingi. Vizuri. Lakini kila mahali mnapoiweka mashine penye mtu, mwachieni kitu kimoja ambacho akikigusa, mashine isikitengeneze. Kibaki kimeharibika mpaka mmoja wenu aje. Na kituo kinachoanguka na kupona, kinaanguka na kupona, msikipigie makofi kabla hamjauliza nani yuko pale.

Lakini kabla ya hayo mradi uliamua kukifunga Kilimani. Sudi akaomba aende yeye. Aliondoka asubuhi peke yake, hakuaga. Mchana nilikuwa namwekea Deo chai, akanishika mkono.

Mstari wa Kilimani ulikuwa mwekundu.

Tukasubiri. Kisanduku kikafanya kazi yake, ukawa kijani. Ukakaa kidogo. Mwekundu. Kijani. Mwekundu, mara ya tatu. Kijani. Ukatulia, kama mtu aliyesimama nje anasikiliza kama kuna nyayo ndani.

Nikaelewa. Mzaramo yule alikuwa analipa utani wake. Kituko alichoshindwa kukifanya Ushetu mbele ya watu alikuwa anakifanya juu ya kilima, kwa kitufe kile kile. Deo akaanza kucheka, machozi yanamtoka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka na trei mkononi.

Halafu nikakisogelea kioo, nikasema, "Karibu, baba. Karibu ndani."

Kule kilimani Sudi akakata waya. Mstari ukawa mwekundu, na haukubadilika tena.